Barua ya wazi kwa Mjomba: ile nyota yako yenye mkia

Mjomba, shikamoo.

Najua simu yako ni ya kupigia tu, basi wajukuu watakusomea.

Ile nyota uliyokuwa ukitusimulia barazani nimeipata. Ulisema ilitokea mwaka uliofuata Mapinduzi, kabla ya adhana, mkiwa mnasukuma ngalawa majini: mkia umesimama mashariki kama ufagio uliogeuzwa juu chini. Sisi watoto tukasema Mjomba kaota. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na leo nakutaka radhi mbele za watu.

Hukuota. Ilikuwa kometi, na jina lake ni Ikeya-Seki. Tarehe 21 Oktoba 1965 ilipita kilomita zipatazo 450,000 tu kutoka uso wa Jua, ikang'aa hata ikaonekana mchana kweupe. Ilipojitenga na Jua, ikawa ya alfajiri, na sisi wa kusini ya ikweta tuliiona vizuri kuliko watu wa Ulaya.

Jina hilo ni la Wajapani wawili walioigundua Septemba, alfajiri moja, kila mtu kwao. Kaoru Ikeya alikuwa kijana wa kiwanda cha piano. Wa pili, Tsutomu Seki, alizaliwa mwaka 1930 mji wa Kochi, kisiwa cha Shikoku, na alikuwa akifundisha gitaa. Huyu ndiye ninayetaka umjue, maana mngeelewana. Alianza kutafuta kometi mwaka 1950. Ya kwanza kaipata 1961. Miaka 11 ya kukatisha usingizi na kurudi mikono mitupu! Mtu wa pwani haelezwi hayo.

Baadaye akageukia asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwenye darubini jiwe hilo ni nukta tu, halina mkia wala madaha. Unalijuaje, basi? Kama ulivyonifundisha usiku wa dagaa: ukitaka kujua taa ipi ni karabai ya mwenzako na ipi ni ya nyumba ya pwani, itazame, ngoja, itazame tena. Iliyohama ndiyo chombo. Seki naye, pale Geisei karibu na Kochi, alipiga picha ya kipande kilekile cha mbingu zaidi ya mara moja, kisha akalinganisha. Nyota zimetulia, nukta moja imesogea. Hivyo hivyo akafikisha zaidi ya asteroidi 200.

Kuliona mara moja hakutoshi. Jiwe hupewa kwanza alama ya muda, mfano 1981 CB: mwaka, kisha C ya nusu ya kwanza ya Februari, kisha B, la pili kusajiliwa katika nusu hiyo. Likishafuatiliwa vya kutosha na njia yake ikajulikana, hupata namba ya kudumu, na aliyeligundua hupendekeza jina.

Hapo ndipo aliponikamata. Hilo 1981 CB leo ni 2396 Kochi, mji wake. Lingine Geisei. Lingine Tosa, jina la kale la jimbo lao. Kuna Ryoma, samurai wa kwao, kuna Kagamigawa, mto unaopita mjini, na kuna Harimaya-Bashi, daraja! Tena daraja dogo kabisa. Yaani mtu kapewa mbingu, yeye kaandika mtaa.

Lake mwenyewe hakulichagua yeye, maana desturi haimruhusu mtu kujiita. Liko, 3426 Seki, jiwe lililoonekana Ujerumani mwaka 1932, naye akiwa mtoto wa mwaka mmoja.

Mjomba, Idi nakuja na picha ya kometi yako iliyopigwa mwaka huohuo. Sitakuonyesha kwanza. Utanichorea mchangani, kwa kidole, mkia ulivyolala na uliinamia upande gani, ndipo niitoe mfukoni tulinganishe.

Wako,
mpwao aliyecheka