Jumamosi: Freyberg na nishani zake

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Jumamosi saa tisa alasiri tukutane Nyerere Square, tumzungumzie Bernard Freyberg, afisa wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Novemba 1916, pale Beaucourt, Ufaransa, aliongoza mwenyewe shambulio la kikosi chake. Alijeruhiwa zaidi ya mara moja, na hata alipoumia vibaya alikataa kuondolewa mpaka amalize kutoa maagizo. Hapo ndipo panaponigusa mimi: damu zinamtoka, bado anawawaza askari wake. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na nishani ya DSO (Distinguished Service Order, ya maafisa wa jeshi) aliipata mara nne!

Wenye wazee waliopigana vita vya Kagera, tafadhali mje nao, viti vya mbele ni vyao. Mwenye turubai aniambie leo, jua la Dodoma mnalijua.