Shukrani kwa mzee wa pale dukani Keko

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, nawe uliondoka na msasa wako kabla sijakushukuru vizuri, basi nasemea hapa.

Uso wa droo yangu ya jikoni ulikuwa umeachia, na muuzaji ameshaanza kunipimia misumari mirefu. Ukamzuia. "Msumari utapasua mbao, mwanangu. Tundu limepanuka, skrubu haina pa kung'ata."

Nilifuata maelekezo yako. Nilijaza matundu njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, nikazikata zilingane na ubao, nikaziacha zikauke hadi kesho yake. Skrubu zilezile za zamani zikashika! Na ule ushauri wa kupima boksi la droo kona kwa kona kabla gundi ya viungo vyake haijakauka, kwamba vipimo viwili vikilingana boksi limekaa sawa, ndio ulionisaidia kuliko yote, kwa sababu boksi lilikuwa limepinda na ndiyo maana kila siku lilikuwa linakwama. Mshumaa wa kusugulia reli za mbao sikuuamini, nakiri. Sasa droo inateleza mpaka mjukuu wangu anaifungua mwenyewe, na hilo sijui kama nalo nikushukuru.

Fundi wa mtaani alitaka nitupe kabati zima. Ya kwake tuyaache.

Mungu akupe afya njema, mzee. Nimekuachia chupa ya asali kwa muuzaji. Ukipita mwambie ni ile ya mama wa droo.