Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliojifunza Kuangalia Kisiki Kwanza

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za huko mliko. Najua wengine mnasoma hii mkiwa Kondoa, wengine Manyoni, wengine mko Mpwapwa ambako mpaka upande kilima ndo simu ishike, kwa hiyo naandika yote kwa pamoja ili asiyefika kwenye kikao naye ajue chama chetu cha watu wa misitu kimefanya nini mwaka huu.

Mambo ya hela nayapitia haraka. Mweka hazina ameshamaliza mahesabu, daftari lipo na kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Ada zinaingia kwa kusuasua ila hatudaiwi na mtu yeyote.

Sasa niende kwenye lililoniuma. Mnakumbuka tulipanda miti kwenye shule moja ya msingi huko Bahi, tukachangishana, tukanunua miche, wanafunzi wakachimba mashimo mazuri kabisa, afu tukasubiri tarehe 1 Aprili kwa sababu ndo siku ya kitaifa ya kupanda miti na tulitaka iwe na uzito. Jamani sisi ni watu wa misitu, tulitakiwa tujue. Mvua za Dodoma zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili ndo zinafunga, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600, kwa hiyo mche ukiuingiza ardhini tarehe 1 Aprili unaukabidhi miezi saba nane ya ukame kabla mzizi haujashuka popote. Watoto walijitahidi kubeba maji na vidumu mpaka Juni hivi, baada ya hapo kisima chenyewe kikapungua na hakuna wa kumlaumu. Niliporudi Septemba miche mingi ilikuwa imekauka kabisa na mingine imeliwa na mbuzi. Hilo kosa ni la kamati, na mimi ndo mwenyekiti wa kamati.

Lakini siku hiyohiyo mzee mmoja jirani na shule akanishika mkono akanipeleka nyuma ya uwanja wa mpira, akanionesha visiki vya migunga vilivyokatwa kuni miaka na miaka, kila kimoja kimechipua machipukizi kumi mpaka kumi na tano, kijani kibichi mwezi wa tisa bila mtu kumwagilia hata kikombe. Akaniuliza, "hii mliiruka kwa nini?" Sikuwa na jibu la maana.

Tangu siku hiyo mambo ya chama yamebadilika, na ndo kitu kikubwa nachotaka mkijue kwenye taarifa hii. Kazi ya fundi misitu huku kanda ya kati inaanza kwa kuangalia kilichopo ardhini kabla ya kufikiria kuleta cha kwako. Kisiki kina mizizi iliyoshuka zamani, maji yake yanatoka kina ambacho mche wa kwenye kiriba, kile kimfuko cha kitalu, hautakifikia mpaka ipite miaka. Njia hii ya kutunza machipukizi inaitwa Kisiki Hai, wengi mmeshaiona, mashirika yameitembeza sana vijijini Dodoma. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili watu wajue huu unatunzwa, afu unaulinda na mifugo na moto. Haihitaji kitalu wala kiriba, inahitaji macho na makubaliano na majirani.

Na wala sio jambo geni kwetu. Wakubwa mnaikumbuka HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na ile 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wafugaji waliumia sana na hilo tusilisahau tunapoisimulia kama ushindi. Ila kwa upande wa ardhi, sehemu kubwa ya kijani iliyorudi kwenye yale makorongo ilirudi yenyewe, kwa mizizi na mbegu zilizokuwa zimejificha ardhini, kwa sababu tu ilipewa nafasi ya kupumua. Mimi nilisoma habari hizi chuoni kwa ajili ya mtihani nikafaulu nikazisahau, mpaka mzee wa Bahi aliponikumbusha.

Basi kamati ikaamua badala ya siku moja kubwa ya kupanda miti tuwe na siku za porini, tuwachukue vijana walioko vyuoni na waliomaliza wanaosubiri ajira, tutembee nao. Waliokuja walikuwa wachache mwanzoni, wakaongezeka. Nilichokiona ni hiki: vijana wetu wamesoma, wanajua Sheria ya Misitu ya 2002 kwa vifungu, wanajua tofauti ya usimamizi wa pamoja, wa serikali na wanakijiji, na msitu wa hifadhi ya kijiji chenyewe, ila ukimpa tepu na kumwambia pima huu mti anapima usawa wa kifua chake. Sasa kijana mrefu na binti mfupi wakipima mti mmoja wanaleta namba mbili. Kipenyo tunapima mita 1.3 kutoka ardhini, kifua cha mtu hakiingii hapo, kwa hiyo kata kijiti cha mita 1.3 tembea nacho siku nzima. Kama mti uko kwenye mteremko simama upande wa juu. Kama umegawanyika chini ya mita 1.3 hiyo ni miti miwili, pima kila shina peke yake. Kama huna tepu ya kipenyo chukua ya fundi cherehani, pima mzingo ugawanye kwa 3.14, mzingo wa sentimita 94 unakupa kipenyo cha karibu 30. Urefu nao, kama klinomita, kifaa cha kupima pembe, haipo, kwenye ardhi tambarare rudi nyuma mpaka ncha ya mti uione kwa nyuzi 45, pima umbali wako mpaka kwenye shina ongeza urefu wa macho yako, umemaliza. Siku ya kwanza wanakosea, siku ya tatu wanarekebishana wenyewe na mimi nakaa chini ya mbuyu nawasikiliza nikiwa na furaha kwa kweli.

Nawaambia pia kwa nini namba moja mbovu ni hatari. Ile tathmini kubwa ya misitu ya nchi nzima, NAFORMA, iliyotupa hekta milioni 48.1 za misitu, ilijengwa na vikosi vya watu kama sisi walioingia kwenye ploti za duara zenye nusu kipenyo cha mita 15, kwenye matope, kwenye mbung'o, mti mmoja baada ya mwingine. Waziri anaisoma ikiwa imeandikwa vizuri kwenye kitabu lakini imetoka kwenye kijiti cha mtu.

Jingine ni majina. Mninga ni Pterocarpus angolensis, mpingo ni Dalbergia melanoxylon, haya wanayajua. Ila mgunga tuliousoma kama Acacia tortilis sa hivi unaandikwa Vachellia tortilis na kwenye usaili unaweza kuulizwa, na huku kijijini bibi anauita kwa Kigogo au Kirangi na asipokuelewa hatakuonesha uko wapi. Jifunzeni yote matatu, la kitabuni, la Kiswahili na la mwenyeji. Binti mmoja kwenye kundi letu anaandika daftari lake la majina ya kienyeji akiwauliza kina mama wanaookota kuni, na sasa anaifahamu miti ya Chamwino kuliko mimi.

Kuna jambo la fildi nalisema kwa uchungu. Kijana wetu mmoja wa diploma alipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja, akakaa wiki zote anapanga mafaili na kutumwa vocha, hakuingia msituni hata mara moja, afu akasainiwa logibuku kwamba amefanya vizuri. Sitaji ofisi. Ila nawaomba wanachama wenye nafasi maofisini, mkiletewa mwanafunzi mtoeni nje hata kama gari haina mafuta, tembeeni naye mpaka msitu wa karibu. Akija kuajiriwa ndo huyo atakayegonga nyundo ya alama kwenye magogo na kukagua kibali cha mkaa njiani, na asipoujua mti atadanganywa na kila dereva.

Wazazi wananipigia sana kuuliza njia ya kuingia kwenye hii kazi, nijibu kwa wote. Mtoto ashike baiolojia, kemia, jiografia na hesabu, hesabu asiikimbie. Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha kipo tangu 1937 na kinatoa cheti na diploma, anayependa mbao na viwanda kuna chuo cha Moshi, anayependa nyuki kuna Tabora, na shahada ipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ajira za serikali zinatangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, sasa inakwenda kwa mfumo wa jeshi usu, kwa hiyo mtoto ajiandae na mwili pia, kukimbia, kulala porini, kuamka usiku moto ukiwaka. Asitegemee serikali peke yake, vijiji vyenye misitu vinahitaji watu wa kupima na kuandaa mipango ya usimamizi, pale Mgori Singida wanakijiji walianza kulinda msitu wao miaka ya 1990.

Shule ya Bahi hatujaiacha. Tumekubaliana na walimu na serikali ya kijiji kwamba nyuma ya uwanja pale hakuna kuchunga, wanafunzi wa darasa la sita wamefunga vitambaa kwenye visiki walivyochagua wenyewe, na miche michache tutakayoongeza, mikwaju na mizambarau ya kivuli na matunda, itaingia ardhini mvua ya kwanza ya maana ikishalowanisha udongo, haijalishi ni tarehe ngapi.

Siku ya porini inayofuata ni Jumamosi ya kwanza baada ya kikao. Tunatoka saa 12 asubuhi, njooni na buti, maji ya kutosha na kofia. Na kila mtu akate kijiti chake cha mita 1.3 nyumbani kabisa, tukifika tutavipima vyote kwanza kwa tepu moja kabla hatujagusa mti.