Kabula, kuhusu Popobawa

Mwanangu Kabula,

Umeniandikia kwamba huko Pemba wenzako wa hosteli wameanza kumtaja Popobawa, yule jini mwenye mabawa ya popo anayesemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala, na wengine hawataki kulala peke yao. Nakuomba usiwacheke. Mwaka 1995, mwaka ule wa uchaguzi mkuu wa vyama vingi, hofu hiyo ilianzia hukohuko Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wazima na heshima zao walilala nje kwa makundi, wamekoka moto, wanangoja kukuche. Hawakuwa waongo wale. Ukizinduka usiku huwezi kuinua hata kidole, kifua kimekandamizwa, na unahisi kabisa kuna mtu chumbani, utamwambia nani hujaona kitu? Ndilo jinamizi hilo: akili imeamka, mwili bado umelala. Huwapata zaidi waliochoka, waliokosa usingizi, wanaolala chali. Sasa fikiria kijiji kizima kinakesha kwa woga.

Tena walisema Popobawa akikutokea anakuamuru uwasimulie wengine, usiposimulia anarudi. Habari yenye sharti kama hilo haiwezi kukaa ndani ya nyumba moja.

Ila kinachonitisha mimi si mabawa. Mwaka uleule, kundi la watu huko Unguja lilimuua mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Mtu asiyeweza hata kujieleza! Na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna la kuwasema, maana huku Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi. Unamkumbuka bibi yako: mafiga matatu, mabua ya pamba, samadi kavu, ameinama anapuliza moto unaogoma kuwaka, machozi yanamchuruzika, anajifuta kwa ncha ya khanga kisha anapuliza tena. Miaka na miaka. Macho yake yalikuwa mekundu, Kabula, kwa ugali tuliokula sisi.

Kwa hiyo wakianza kutaja mtu, yule mgeni, yule mzee anayeishi peke yake, yule anayeongea mwenyewe njiani, hapo usinyamaze. Mtafuteni sheha, yule kiongozi wa serikali wa hapo mtaani, mapema, kabla watu hawajajaa. Usiende peke yako.

Popo wakubwa wa kweli wapo hapo Pemba, na hawapatikani kwingine kokote duniani. Mabawa yakikunjuliwa yanapita mita 1.5. Waliwindwa kwa nyama nusura waishe, hadi wenyeji wa Kidike walipoamua kuwalinda. Wanakula matunda, maua na majani. Siku ya mapumziko wachukue hao wenzako mkawaone mchana, wananing'inia mitini wakigombania nafasi.

Na wewe lala ubavu, simu uiweke mbali mapema. Dagaa nimezikaanga, zinaondoka kesho na basi la Dar. Shangazi yako atazipandisha boti. Zikifika nipigie, uniambie na hao wasichana wanaendeleaje.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza