Nyoka hana ukoo wake peke yake

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa wanafunzi katika gazeti lako la Jumapili iliyopita ulikuwa na mchoro wa reptilia. Kwa kasa na mamba sina neno. Lakini chini yao mmeweka visanduku viwili, kimoja “Mijusi”, kingine “Nyoka”, na mstari mnene katikati. Naomba mstari huo ufutwe.

Nimefundisha Biolojia sekondari hadi kustaafu, nalijua swali linalozaliwa na mchoro wa aina hiyo: taja tofauti tatu kati ya mjusi na nyoka. Mtoto anajibu miguu, kope, matundu ya masikio, anapewa alama zote. Sasa mjusi kafiri aliye ukutani kwako hana kope za kufumba. Jicho likiingia vumbi hulilamba. Na hapa Tanzania tunao mijusi wasio na mguu hata mmoja, jenasi ya Melanoseps, waishio udongoni chini ya majani makavu. Wako pia wale wanaofanana na nyungunyungu wakubwa, ambao mkulima akiwafukua huwakata kwa jembe akidhani ni nyoka. Mmoja wao, wa kusini mwa nchi yetu, anaitwa Loveridgea ionidesii: jina zima ni la Wazungu wawili, Loveridge mtaalamu wa makumbusho na Ionides mkamata nyoka wa Liwale na Newala. Huyo naye si nyoka. Vinasaba vinamweka jirani na wale mijusi wembamba wenye mbio na mikia mirefu.

Vinasaba hivyo hivyo ndivyo vilivyovuruga visanduku. Jamaa za mjusi kafiri walijitenga mapema sana. Nyoka wakabaki tawi moja na kenge, kinyonga na mjusi wa miambani mwenye kichwa chekundu. Mwaka 2005 Nicolas Vidal na Blair Hedges waliliita tawi hilo Toxicofera. Kwa hiyo kinyonga ana undugu wa karibu zaidi na koboko kuliko alio nao na mjusi wa ukutani. Najua darasa zima litacheka. Wapo wataalamu wa mifupa wanaopinga mahali alipowekwa kinyonga, na nani hasa aliye karibu zaidi na nyoka bado ni ubishi. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba nyoka wametokea ndani ya mijusi. Kuwatoa ni kama kuandika watoto wa mzee ukamruka mmoja kwa kuwa hafanani na wenzake.

Anayetaka ushahidi wa kushika kwa mkono amtazame chatu, karibu na tundu la haja: ana kucha mbili ndogo, mabaki ya miguu ya nyuma, na ndani mna vifupa vyake. Huko Argentina yalipatikana masalia ya nyoka aliyeishi zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita, Najash, aliyetangazwa mwaka 2006, akiwa bado na miguu ya nyuma na mfupa wa nyonga.

Mchoro mpya hauhitaji rangi wala nafasi kubwa. Chora mti mmoja wa mijusi, mjusi kafiri atoke chini, nyoka awe kitawi juu, kando ya kenge na kinyonga. Mkiuchapa kabla shule hazijafungwa, walimu wa huku wataukata na kuubandika darasani.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga