Tupeni na gemu jamani

Mhariri, naomba nafasi niongelee gemu ya video ya Clair Obscur: Expedition 33, imetoka Aprili 24, 2025, wametengeneza Sandfall Interactive wa Montpellier, Ufaransa. Bado niko mwanzoni ila imenishika kwelikweli, kuna mchoraji kila mwaka anachora namba kwenye mnara na wote waliofikisha au kuzidi umri huo wanatoweka hapohapo, aisee pale bandarini mhusika Gustave anavyomuaga mpenzi wake wa zamani Sophie machozi yalinitoka. Mapigano ni ya zamu kama bao, lakini adui akirusha pigo lazima ubonyeze kitufe wakati uleule la sivyo unaumia, hapo ndo utamu ulipo. Ukiwa ndani ya maeneo hamna karamani kadogo pembeni ya skrini, inasumbua. Kurasa zenu za michezo ni mpira tu, gemu kama hii inastahili nafasi.

Msomaji wenu, Tabora