Mafundi, pimeni presha ya mafuta kabla ya kuuza pampu

Mhariri, naomba nafasi niseme na mafundi wetu. Gari ikikosa nguvu mlimani tu, tayari "pampu ya mafuta imekufa, lete hela", hapana jamani, pimeni kwanza! Angalieni fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya pampu), filta na umeme unaofika kwenye pampu yenyewe, maana ethi (waya wa umeme unaorudi kwenye bodi) mbovu inafanya pampu nzima izunguke kivivu, halafu fungeni geji ya presha, Toyota nyingi za EFI (zinazopuliza petroli kwa umeme) zinataka kama psi 40 hivi, hicho ndicho kipimo cha presha, na msiishie kupima injini ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, presha inaweza kusoma poa gari imesimama, halafu presha hiyo ikashuka ukikanyaga mafuta. Na sisi wenye magari tuache kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka, maana pampu ya ndani ya tangi inapozwa na petroli hiyohiyo.

Msomaji, Dar es Salaam